Jiwe la Mama la Kusugulia Visigino

Mama yangu,

Tulipogawana vitu vyako pale Mabanga baada ya mazishi, dada Nekesa alichukua sufuria kubwa, mimi nikabeba jiwe lako la kusugulia visigino. Walinicheka wote. Nikalileta huku Kitale, na siku moja nikiosha miguu, maji yalipoliloanisha, nikaona mbavu. Mimi, mwalimu wa bayolojia, nimelitumia kusugua miguu tangu utotoni bila kuona kwamba ndani yake kuna trilobiti, mnyama wa bahari ya kale aliyetoweka hata kabla ya dinosari. Hapo nakuruhusu ucheke.

Nilimtumia picha mtaalamu mmoja wa visukuku, mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe, kule Nairobi. Alijibu kwamba huenda ni wa aina adimu sana, lakini hawezi kumtia kwenye kundi: anafanana na makundi mawili, na kinachoyatofautisha ni mkia. Mkia wenyewe, Mama, tumeumaliza kwa visigino. Kila Jumapili ulitupanga foleni mbele ya karai, na nilipoanza kudadisi zile alama ulinikatiza: "Hii jiwe ni ya miguu, si ya kuangalia. Sugua twende kanisa."

Basi akauliza jiwe limetoka wapi, maana hilo nalo lingemsaidia. Hapo ndipo kichwa kiliponizunguka. Mimi uliniambia ulipewa sokoni Cheptais, nyongeza ya viazi. Nekesa anasema uliliokota mtoni Bokoli ukiwa msichana. "Si mama aliniambia mwenyewe," ananijibu kwenye simu, "ama wewe ulikuwa mtoto wake pekee?" Mtaalamu naye hajawahi kusikia trilobiti upande wetu. Kama ni Bokoli, ni ajabu kubwa. Kama ni soko la Cheptais, mgeni yeyote angeweza kulileta. Nimekukasirikia, nikaona aibu, halafu nikakasirika tena.

Fomu aliyonitumia mtaalamu ina nafasi moja tu ya mahali jiwe lilipotoka. Nimeandika Cheptais nikafuta, nikaandika Bokoli nikafuta. Asipopata jibu, mnyama wetu atabaki bila jina. Nikajaribu kukumbuka maisha yako yanisaidie kuchagua, nikakwama. Sijui Bokoli uliishi kwa nani, wala Cheptais ulifuata nini. Wiki hii nimeuliza habari za huyu mnyama zaidi kuliko nilivyowahi kuuliza zako, miaka yote ulipokuwa hapa kunijibu.

Pumzika, Mama. Fomu bado iko mezani.

Kitinda mimba wako,
Kitale