Miche ya Mama Éliane

Kalemie, 14 Agosti

Yaya Adrienne mpenzi,

Nakusalimia sana, wewe na Papa Patrick na watoto wote. Je, mgongo wako umepata nafuu katika baridi hiyo ya Kirungu? Sisi huku tuko wazima, ila maji ya kisima chetu njo yaleyale, chumvi tupu, hata kwa chai hayafai.

Nilikuandikia kwamba shirika moja limenipa kazi ya kuotesha miche ya ndimu kwa maji hayo. Kazi ya muntu mwenye diplome! Basi wakaweka kando yangu jirani, Mama Éliane, mjane anayekausha samaki, asiyejua hata kuandika jina lake, naye aoteshe yake. Huyo alikwenda kuchimba udongo chini ya michungwa ya zamani ya misheni, umejaa vizizi na uchafu, akaujaza katika vifuko vyake vya miche. Miche yake aliizoesha chumvi kidogo kidogo, leo maji ya mto, kesho ya mto na ya kisima. Upuuzi mtupu. Mimi udongo wangu niliuchoma motoni hadi ukawa safi kama unga, na mbele ya watu nikamwambia kwamba uchafu si kilimo. Akacheka.

“Papa Numbi, udongo umeupika. Sasa utaula?”

Kufika Juni majani yangu yaliungua pembeni, kisha yakapukutika yote. Nililaumu mbegu, nikalaumu pompi ya kisima. Miche yake ilisimama, kijani.

Yaya, sasa nikuambie jambo ambalo hata padri sijamwambia. Siku wageni wa shirika walipokuja kukagua vitalu, Mama Éliane alikuwa matangani. Nilihamisha vifuko vyake thelathini kwenye kitalu changu. Wale mabwana wa biro ya shirika, wasioweza kutofautisha mndimu na mpera, wakanipiga picha na kunisifu. Aliporudi, alisimama akaitazama miche. Nilingoja matusi.

“Umwagilie shinani, si kwenye majani,” akasema, akaenda zake.

Tangu hapo nimemwagilia shinani kila asubuhi, kama alivyosema. Leo nimekwenda bironi nikawaeleza miche ni ya nani. Wamenifuta kazi. Jumatatu Mama Éliane anapanda treni, shirika linamtuma Kabalo kufundisha wakulima, naye ameniomba nimbebee magunia ya udongo mpaka stesheni. Nimekubali. Dharau yangu ilikosea nyumba. Anayeistahili ndiye anayekuandikia.

Mama yetu usimwambie bado. Wasalimu majirani, uwabusu watoto.

Ni mimi mdogo wako,
Numbi