Askofu wa Shaba Ndooni

Jumatatu, 6 Oktoba

Yusra katema pesa ya shaba kiganjani kwangu sasa hivi. Mate ya kijani. Ananiambia kwa Kiingereza ni chokoleti, kama zile za dukani zenye umbo la pesa. Nimenusa. Mkojo.

Nimemsukutua mpaka akalia, nami nikalia. Miaka mitatu tu, mwanangu.

Ndoo nimeikuta nyuma ya mlango wa choo, imefunikwa taulo la Shemeji Haji. Ndani mkojo na pesa zimejaa. Shemeji ni kaka mkubwa wa mume wangu Salum. Anakaa kwetu tangu majira ya joto, anauza pesa za kale sokoni Walthamstow. Salum kamuuliza. Kajibu ni dawa ya shaba, wafanyabiashara wote wanafanya.

Najisi ndani ya choo tunamotilia udhu. Na yeye ndiye anayetusalisha. Sikula.

Jumanne, 7 Oktoba

Kinyaa hakijanitoka. Mikono yangu naiona inanuka.

Bi Noreen wa ghorofa ya chini kafurahi mno leo. Ni Muailandi, mjane. Nilipojifungua Yusra sikuwa na mama huku, yeye ndiye aliyenishika mkono mpaka alfajiri. Sasa Shemeji kamuahidi tokeni ya Ailandi yenye kichwa cha askofu. Kanieleza: zamani sana huko kwao pesa ndogo zilikuwa hazipatikani, wenye migodi ya shaba wakatengeneza zao, ndizo hizo tokeni. Babu wa babu yake alichimba shaba kwenye mgodi huo. Hana kitu chake hata kimoja.

Watabadilishana Jumamosi. Yeye atatoa saa ya marehemu mumewe. Aliyoivaa mpaka siku ya kufa.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimeshindwa. Shemeji katoka, nimemwaga ndoo. Nimezitahirisha zile pesa kwa maji mara saba, halafu nikazisugua kwa ukwaju na chumvi, kama tulivyokuwa tukisugua masinia ya bibi kule Wete ikikaribia Idi. Moyoni nasema atanishukuru, zimetakata.

Zimeng'aa kama zimetoka dukani. Zote. Ukale wote ulikuwa wa mkojo, umeondoka na maji.

Nikamtazama askofu kwenye moja, ndiyo tokeni kama ile aliyoahidiwa Bi Noreen. Ana kovu dogo chini ya kidevu. Nikachukua nyingine, kovu lile lile. Nyingine tena, pale pale. Watu hawapati jeraha moja wote, sembuse pesa. Na ubavuni zina mstari wa kuungia, kama ule wa beseni la plastiki.

Kwenye kabati la sebuleni iko moja anayowaonyesha watu. Nimeitoa. Ubavu wake hauna mstari, umezungukwa na herufi ndogo ndogo. Na kovu lipo. Hii ndiyo mama yao. Nyingine zote zimemiminwa kwa umbo lake, za bandia.

Shemeji karudi wakati wa Magharibi. Kaona.

"Salum, mkeo hana adabu. Kaniharibia kazi yangu yote."

Kazi. Anaita kazi. Ya Bi Noreen haikuwemo ndooni, anayo mfukoni imeshaiva. Salum kaniambia ya nyumbani hayatolewi nje, na kaka ni kaka. Nimemtazama mume wangu nikaona kinyaa. Naandika hivyo hivyo, ndivyo ilivyokuwa.

Ijumaa, 10 Oktoba

Shemeji kasalisha tena. Mimi nimesali chumbani.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimeshuka mapema kwa Bi Noreen na moja niliyoisugua. Kumtia aibu shemeji mbele ya jirani, kwetu si jambo dogo. Lakini nilimfikiria Bi Noreen anaitoa ile saa. Kiingereza changu cha kuungaunga, nikamwonyesha ule mstari. Kaupitishia kidole gumba. Akaniambia nikae, nisiondoke.

Shemeji kaja amenukia udi, na tokeni ndani ya kitambaa. Aliponiona uso ukambadilika. Bi Noreen kaisimamisha kwa ubavu chini ya taa. Akaitazama. Mstari ule ule.

"Haji, askofu wako huyu hata hajabatizwa."

Akairudisha kwenye kitambaa, akamkabidhi. Saa akaivaa mkononi mwake, kubwa, inamcheza. Shemeji kaniita nyoka mlangoni, kwa Kiswahili, ili Bi Noreen asielewe. Alielewa.

Jumapili, 12 Oktoba

Shemeji kahama, kaenda kwa rafiki yake Lewisham. Kamwachia Salum maneno: chagua mke au damu yako. Salum hasemi nami. Chakula anakula.

Jumatatu, 13 Oktoba

Ananisemesha kupitia kwa mtoto. "Mwambie mama yako chumvi imekwisha." Yusra ananitafsiria kwa Kiingereza, kwa uso mzito kama wakili. Nilitaka kucheka. Nikalia.

Jumatano, 15 Oktoba

Mvua. Yusra kalala.

Kinyaa kimepungua. Sina majuto. Bi Noreen atatafuta askofu mwingine, kasema hana haraka, babu yake keshangoja sana. Saa anayo.

Jana Salum kasugua choo peke yake. Kuta, sakafu, nyuma ya mlango. Kamwaga maji mara saba, nilikuwa nahesabu kwa sauti ya maji. Ndoo kaitupa. Nafikiri mtu anayesugua hivyo moyo wake hauko kwa kaka yake mzima mzima. Nafikiri tu. Siku zote hizi jina langu halijamtoka mdomoni, na mimi sitamwomba radhi kwa hili, ila kama angeanza yeye, hata kwa jambo la chumvi, ninge

"Mama Yusra," Salum ananiita. Mwenyewe. Naja, ngoja nifiche hili dafta