Neno la leo usharikani

Agnela, nimekwisha. Nimekwisha kabisa!

Si unajua script yangu inayotuma Neno la siku kwa simu za usharika mzima? Leo amri ya kuvuta mstari wa Biblia imegoma, na script haikagui, inabeba chochote amri ilichotoa na kutuma.

Imetoa nini? "Umekosea tena, pumbavu wewe!" Ni ujumbe wa kosa niliojiandikia mwenyewe wakati wa majaribio!

Watu mia nne, Agnela. PUMBAVU WEWE.

Mchungaji kapiga: "Parsimei, hili limetoka kitabu gani?"

Sasa bibi yangu wa Lemara, miaka sita haongei na dada yake, kajibu: "Amina. Kweli nimekosa. Namwendea leo."

Ameshatoka nyumbani. Mimi bado sijatuma masahihisho.