Nahodha Tuliyemzua Barazani

Chemchem, Tabora,
Tanganyika.
20 Aprili, 1952

Mpendwa mdogo wangu Mabruki,

Assalaam alaikum. Namwomba Mungu barua hii ikukute u mzima huko kisiwani Kipro, na kile kikohozi cha baridi ulichokuja nacho likizo kiwe kimekuacha. Sisi hapa hatujambo. Mama magoti humsumbua mvua zikinyesha, lakini bado hakubali mtu mwingine amtwangie mpunga wake. Shemeji yako Sikuzani amejifungua mtoto wa kike, salama salimini, na tumempa jina la bibi yetu, Mwanajuma. Mvua za mwaka huu ni njema. Mashamba ya upande wa Cheyo yamesimama vizuri.

Nimetanguliza hizo kwa sababu habari zilizobaki zinanitia haya, na nimeahirisha kuziandika mpaka Mama ameniuliza kama wino umekwisha.

Unamkumbuka Bwana Stavro, yule Mgiriki mwenye mashine ya kukoboa mpunga karibu na stesheni. Yeye ni mzaliwa wa kisiwa hichohicho uliko, na tangu aondoke kijana hajarudi kwao. Mwezi wa Januari alikuja dukani kwangu kupimwa suruali nyeupe za safari. Akatueleza kwamba anakwenda kumwona mama yake, na kwamba atafanya jambo ambalo hajalifanya maishani: atakodi mashua nzima ya matembezi, ya matanga, yeye na watu wake tu, wazunguke pwani ya kisiwa mpaka kanisa lililo kwenye ncha ya mashariki. Mama yake aliweka nadhiri ya kufika huko kwa njia ya bahari, lakini hajathubutu kuingia chomboni tangu mumewe alipozama. Bwana Stavro alisema hajui hata aanzie wapi, maana mashua za kukodi ni nyingi na manahodha wengine ni walevi.

Baba alikuwa amekaa barazani na wazee wenzake, akasikia yote. Akasema, "Mwanangu Mabruki ni nahodha huko kwenu. Ana chombo chake mwenyewe."

Mimi nilikuwa nimepiga magoti napima upindo, pini mdomoni. Nilijua wewe ni mpishi wa chombo cha mtu, kwa sababu ulituambia wazi ulipokuwa hapa, tena kwa furaha, ukatueleza jinsi unavyokaanga samaki chombo kikiwa kimelala ubavu. Baba naye alikuwepo. Nilinyamaza. Pini hutemwa, Mabruki, lakini sikuzitema.

Tangu siku hiyo Bwana Stavro akawa mgeni wetu. Alileta ramani ya kisiwa akaitandaza juu ya meza yangu ya kukatia, juu ya kanzu za watu. Alikuwa kama mtoto anayengoja Idi. Mara atauliza ni bandari ipi walale usiku wa kwanza, mara upepo wa mchana hukaza saa ngapi, mara kama chombo kina kivuli cha kutosha kwa mtu mzee. Baba alijibu yote. Alikipa chombo chako vitanda, akakipa na injini. Mimi nilikuwa nikishona mito ya kukalia na turubali la kivuli vya chombo nisichokijua, na ujira nikapokea.

Nilipomweleza Mama, aliacha kupeta mchele. "Baba yenu alianza na babu yenu," alisema, "mpagazi aliyebeba pembe mpaka Bagamoyo, akamfanya kirongozi wa msafara. Nikanyamaza, marehemu hachekwi. Lakini huyu yu hai. Atachekwa."

Hata hivyo sikusema kitu, mpaka siku Bwana Stavro alipokuja kuchukua mito. Alikuwa na furaha kubwa. Alisema mama yake amekubali kuingia chomboni. Alikuwa amekataa mara zote, akaja kukubali alipoambiwa kwamba nahodha ni mdogo wa Twalibu, fundi mwaminifu wa Tabora.

Kusikia jina langu, nikaiweka mito chini. Nikamwambia palepale, wazee wote wakisikia, kwamba wewe si nahodha, huna chombo, ni mpishi na unaosha sitaha. Hakunigombeza. Alinitazama, kisha akamtazama Baba, akauliza taratibu, "Huyo Mabruki yupo kweli?" Nikasema yupo. Akasema amekwisha kumwandikia mpwa wake aende bandarini Limasoli kukuulizia. Akakunja ramani yake, akaondoka na mito ameiacha.

Baba aliingia ndani. Jioni aliniambia, "Umenivua nguo mbele ya watu," na hakusema nami tena. Akaacha kukaa barazani. Ijumaa alikwenda msikitini akakaa safu ya nyuma kabisa, karibu na viatu, yeye ambaye nafasi yake mbele inajulikana. Nilipomwona pale sikuweza kuifuatilia hotuba. Nilikuwa nimemwacha mzazi wangu aongope mwezi baada ya mwezi, kisha nikamwumbua kwa dakika moja, na yote mawili niliyafanya kwa kujihifadhi mimi.

Lakini kilichoninyima usingizi ni wewe. Nilijua mtu anakuja kukutafuta kwa cheo ambacho si chako, mbele ya mabaharia wenzako, na barua yangu haiwezi kumtangulia.

Juzi Bwana Stavro alirudi dukani. Alikuwa amepata jibu la mpwa wake, akataka nimwite Baba asikie. Baba alikuja akasimama mlangoni. Basi tukaambiwa jinsi kijana yule alivyofika gatini akamwulizia Kapteni Mabruki mwenye mashua, na watu wakacheka mpaka wakashika tumbo. Na wewe ukatoka jikoni na mikono yenye unga, ukasema, "Mabruki ni mimi. Mimi ni mpishi. Baba yangu yuko mbali, pengine hakuelewa nilivyomweleza." Kisha ukampeleka kwa nahodha wako, mzee asiyegusa pombe, wakakubaliana chombo kikodiwe.

Ulimstahi Baba mbele ya wageni. Mimi niliye karibu naye sikujua kufanya hivyo.

Baba akageuka, akaondoka. Tulidhani amekwenda kulala. Kumbe alikwenda sokoni, akarudi na kibuyu cha asali ya miombo, akipita katikati ya njia, watu wakimsalimu shikamoo naye akiitikia. Akasimama mbele ya baraza, wazee wamejaa, akamkabidhi Bwana Stavro, ambaye alikuwa bado hajaondoka. "Mpe mwanangu," alisema. "Ni mpishi wa chombo mtakachopanda. Mwambie baba yake alielewa tangu mwanzo."

Mzee Mahona akasogea kwenye mkeka kumpisha, na Baba akakaa.

Basi mdogo wangu, Bwana Stavro anaondoka kwa treni mwezi ujao, na mito amechukua. Nakuomba jambo moja: mama yake anaogopa maji, wala haoni aibu kusema hivyo. Siku ya kupanda, ukiweza kuacha jiko, mshike mkono mpaka akae. Mimi sikuombi uniambie kwamba si kitu. Ukiona vyema, niandikie ukali wako wote, nitausoma.

Mama anakubusu kichwani, anasema asali usiwape wote. Sikuzani na watoto wanakusalimu, na dada yetu wa Puge pia, naye amepata kujenga. Mungu akulinde na bahari ya watu, akurudishe ukiwa na viungo vyako vyote.

Baba anakusalimu. Nilimwuliza niandike nini, akasema niandike tu kwamba anamsalimu mwanawe, mpishi.

Ni mimi kaka yako nikupendaye kwa haya,
Twalibu