Mtani Wangu, Ramani Imeonekana

Mtani wangu Ndahani,

Umelala vizuri? Nauliza kwa sababu shimo lile nililijaribu kabla yako, na kitambi changu hakikulipenda.

Kama hukusikia, kelele zile zilikuwa zangu. Jeneza lako likiwa mabegani mwa watu, nilishuka kaburini nikajilaza chali. Waliokuwa wanalia wakacheka. Shemeji zako wakaanza kuchanga shilingi za kunitoa, kama desturi yetu watani ilivyo. Nikapiga kelele, "Sitaki hela za Wagogo! Namtaka Mkuu wa Chuo!"

Akaja na suti yake, akachungulia. Nikamwambia, "Marehemu alikuomba mpaka akachoka ufungue nyaraka za chuo watu wasome. Ukasema ni siri. Leo toa funguo, ama mtuzike wote wawili."

"Wewe Mnyamwezi, toka, jua kali!"

"Babu zangu walibeba mizigo kupita hapa hapa. Huu nao nitaubeba."

Akacheka, maskini. Akaahidi mbele ya padri. Ahadi ya kaburini nani aivunje?

Sasa sikia. Kompyuta zimefika, na nyaraka zinawekwa kwenye intaneti. Mimi ndiye fundi, Mungu atusaidie; ya kwanza niliiweka miguu juu kichwa chini. Ilikuwa ramani ya mipaka ya chuo. Unamkumbuka Mama Nyemo wa Ihumwa, uliyekuwa ukimpa kiti na chai kila akinyimwa kuiona? Mwanawe alimpeleka kwenye duka la intaneti mjini. Wakainamisha shingo zao, wakaiona: kisima chao kiko nje ya mpaka. Chuo kimeng'oa nguzo za uzio kilizokuwa kimeanza kusimika pale.

Alikuja ofisini kwetu na karanga. Akauliza, "Yule baba wa kiti yuko wapi?"

Nikamwambia ulipolala.

Tulikuja wote kwako. Alikuwa na dumu dogo la maji ya kisima kile. Akakumwagia pole pole, na udongo wa Dodoma, unavyoujua, ukayanywa yote.

Asante, ndugu yangu. Ulikuwa ukisema, "Karatasi ya umma ukiifungia, msomaji ni mchwa." Nilikuona msumbufu. Ulikuwa msumbufu kweli, na ninashukuru.

Lala, mtani. Kiti chako kiko mlangoni, chai naimimina mimi, na hakuna atakayeondoka hajasoma alichokuja kusoma. Siku yangu ikifika, wanao waje wajilaze kaburini mwangu kama nimeteleza katika hilo.

Na kama sijateleza, waje vilevile. Ila wadai kidogo.

Mnyamwezi wako