Wimbo Ulioufanya wa Kale

Baba,

Kimani hanisalimii tena. Kimani wako, aliyekugongea pete ya chuma ngomani miaka yote ulipovuta kinanda cha mkono. Jumamosi nilikutana naye sokoni Thika, akanigeuzia kisogo akajifanya anachagua viazi. Mama naye, hadi jana, alikuwa akinijibu "ndiyo" na "la", basi. Nimekuita mwongo mbele ya harusi nzima, Baba. Nataka usikie kutoka kwangu jinsi ilivyokuwa.

Kwanza habari za huku. Mkweo Njoroge amerudi kutoka kizuizini. Amekonda na hasemi sana, lakini amerudi, na yule mjukuu wako uliyemwacha anatambaa sasa anakimbia. Tumepanga chumba hapa Thika. Mimi niko kiwanda cha mananasi, vidole vinaniwasha mpaka nashindwa kushika sindano. Kule kijijini Mugutha handaki limeanza kufukiwa. Upande wa mtoni watu wamepanda migomba juu yake. Nilipopita nikaona majani mabichi pale tulipochimba, nilisimama nikashindwa kuendelea na safari.

Unakumbuka nilipokuwa yaya kwa yule Mzungu wa kahawa, hapo Ruiru. Mkewe, memsabu, alikuwa na gramafoni, na kila akimaliza chai aliweka santuri moja ya wanaume wanaoimba kama wanacheka. Aliniambia ni watu weusi wa visiwa vya mbali sana, na nyimbo zao zinaitwa kalipso. Akasema mwimbaji huko humchukua mkubwa yeyote, akamwimba mbele ya watu, na mkubwa hana la kufanya. Hilo liliniingia. Nilikuwa nikipiga pasi huku mguu unacheza wenyewe.

Nikauleta ule mtindo nyumbani, nikauimba nikimenya viazi. Uliweka kikombe chini.

"Huo si wimbo wa hapa," ukasema. "Katika nyumba hii hauimbwi."

Nami nilikuwa na mdomo. Nikakujibu kwamba hata kinanda chako kililetwa na Wazungu, na kwamba babu alipokiona mara ya kwanza alikataa kuketi nacho chumba kimoja, kwa sababu kwake yeye muziki ulikuwa kibuyu cha gicandi na mafumbo yake tu. Mama akaacha kukoroga uji. Hukunipiga, wala hukupaza sauti. Ulisema babu alikuwa na haki ya kukataa, nawe una haki ya kukataa, na kwamba asiyekataa kitu hana kitu. Ukatoka nje. Siku nne hukuniita maitu. Wewe ambaye tangu nizaliwe, kwa kuwa nina jina la mama yako, hukuwahi kuniita mtoto, uliniita mama. Siku hizo nne uliniita Wairimu, kama karani.

Lakini ndivyo ulivyokuwa, na watu walikuheshimu kwa hilo. Kwenye mwomboko, ile dansi yetu ya kinanda, ulikuwa ukisimamisha ngoma nzima kwa sababu ya goti la mtu mmoja. Goti hukunjwa kinanda kinapovuta pumzi, si kabla. Bwana harusi mwenyewe ulimrudisha mwanzo. Kama kuna jambo Ruiru nzima ilikuamini kwalo, ni lipi la zamani na lipi la jana.

Kisha Hali ya Hatari ikaja. Ngoma ikapigwa marufuku, kinanda ukakifunga kwenye gunia, Njoroge akachukuliwa, nasi tukahamishiwa Mugutha kuchimba handaki kuzunguka kijiji, wanawake kwa jembe na koleo kuanzia alfajiri. Mtoto wangu alikuwa ananyonya, nikimlaza kwenye kanga kando ya udongo. Yule hedimani, mkuu wa kijiji aliyewekwa na Serikali, alikuwa akipita juu yetu na ndevu zake na tumbo lake, na kila juma mbuzi wa mtu fulani alikuwa amepotea. Ndipo nikautunga. Mtindo ulikuwa ule wa kalipso, maneno yakawa yetu, juu ya thenge, mbuzi dume: thenge amepewa kazi ya kulinda mahindi, mbona anaota kitambi? Nilimwimbia mwenzangu mmoja tu. Kufika Ijumaa handaki zima lilikuwa linaimba.

Jumatatu tuliketishwa chini mbele ya posti ya homugadi, wale askari wa kijiji wa Serikali. Hedimani akauliza nani katunga. Hakuna aliyefungua mdomo. Akasema basi atachukua wanawake watatu wakahojiwe, na sote tulijua wanawake waliohojiwa walirudi vipi. Wa pili kunyooshewa kidole nilikuwa mimi. Nilimbana mtoto kifuani mpaka akalia.

Ukaja kutoka ule upande wa ua mliokuwa mnatengeneza. Mikono ina udongo. Hukunitazama.

"Wimbo huo ni wa Wairimu," ukasema.

Baba, unisamehe. Nilifikiri umeniuza. Nilifikiri umekasirikia ule wimbo kiasi hicho.

Hedimani akauliza Wairimu yupi. Ukajibu, "Mama yangu."

Akauliza ulianza kuimbwa lini. Hapo ulitazama chini kwanza. Mimi peke yangu niliona, kwa sababu nakujua. Ukasema uliimbwa kabla reli haijafika Thika, wanawake wakipalilia mtama, na kwamba thenge ni thenge tu, mnyama. Yeye akacheka, akasema, haya, uimbe basi.

Ukauimba wote. Uliuondolea ile mirukoruko ya visiwani, ukauvuta polepole kama mtu anayeinuka na jembe na kuinama nalo, mpaka mimi niliyeutunga nikaona nimewahi kuusikia utotoni. Hukukosea neno. Ndipo nikajua kwamba nilipokuwa nikiuimba kwa sauti ya chini nyuma ya nyumba, wewe ulikuwa ndani unasikiliza.

Hedimani hakuridhika. Akaagiza mama yake mwenyewe aletwe, Cucu Wambui, bibi wa kijiji kizima, ambaye umri wake ulitosha kuijua palizi hiyo. Alikuja na fimbo yake, akaelezwa. Alikutazama wewe, akanitazama mimi na mtoto, akamtazama mwanawe kwa muda mrefu.

"Tuliuimba," akasema. "Lakini huyu amesahau ubeti wa kware."

Akauimba huo ubeti. Kware anayefukua mbegu alizopanda mama yake mwenyewe. Alikoutoa sijui. Homugadi mmoja aliangalia viatu vyake. Hedimani hakuweza kumwita mama yake mwongo mbele ya kijiji. Aliturudisha handakini, akatuongezea siku mbili, na mambo yakaishia hapo. Mimi nikabaki na mwanangu.

Baadaye Mama alinieleza ulimwambia kwamba kuhusu jina hukusema uongo, kwa sababu wimbo kweli ulikuwa wa Wairimu, na Wairimu huyo kweli ni mama yako. Kuhusu reli na mtama hukumwambia kitu.

Mimi niliona kilichofuata. Ngoma ziliporuhusiwa tena kwa kibali, vijana wa Ruiru walikuja na gita wakaupiga mwomboko mbio mbio, magoti yanakunjwa popote. Kimani akakugeukia akingoja usimamishe. Ukatazama chini. Nilikuuliza tukirudi kwa nini umeacha. Ukasema aliyeghushi mizani hawezi kuwapimia wengine. Na baada ya hapo kifua kikaanza, na ile baridi ya Julai ikakumaliza, na hatukuwahi kulizungumza. Nilikubebea maji ya moto miezi miwili, Baba, nikakusimulia habari za kuku na za mvua. Neno moja la asante lilinishinda.

Sasa harusi. Ilikuwa Gatuanyaga, mdogo wake Njoroge alikuwa anaoa. Wanawake wakaanza ule wimbo wa thenge. Siku hizi unaimbwa kila mahali, polepole, kama ulivyouimba wewe, na ubeti wa kware ndani. Binti mmoja tunayefanya naye kazi kiwandani, Nyambura, akaongeza ubeti wake kuhusu msimamizi wetu na saa yake. Ulikuwa ubeti mzuri. Mama mmoja mzee akamkatiza, akamwambia wimbo wa kale hauongezwi na watoto wa kiwanda. Kimani akasimama akaunga mkono. Akakutaja wewe. Akasema ulishuhudia mbele ya bunduki kwamba huu ni wimbo wa bibi zetu, na kuugusa ni kukutukana kaburini. Nyambura alikuwa ameshika leso usoni.

Nikasimama. Nikasema wimbo ni wangu, nilijifunza mtindo wake kwenye gramafoni ya memsabu.

Walicheka. Walidhani nimeonja pombe. Kimani hakucheka. "Unasema baba yako ni mwongo?" akauliza.

Njoroge alinivuta sketi niketi. Karatasi zake za kuachiliwa hazijamaliza hata miezi mitatu, na yule hedimani alikuwa meza ya wazee, na koti lake la kaki, anakula. Hali ya Hatari bado haijaondolewa. Lakini yule binti alikuwa analia kwa ajili ya uongo wangu, na wewe ulikuwa umekufa ukitazama chini kwa ajili ya huo huo.

"Alisema uongo," nikajibu. "Mara moja maishani mwake, na sababu ni mimi."

Hedimani akaweka kijiko. Mama yake alizikwa Machi, huenda mmekutana. Akauliza kutoka alipoketi, bila kupaza sauti, "Na mama yangu?"

Nikamwambia naye pia, na kwamba sikuwahi kumshukuru. Akachukua kofia yake akatoka, akashika barabara kwa miguu kwenye lile vumbi. Kimani akaitupa pete yake kwenye mfuko akaondoka. Harusi iliendelea, lakini bila muziki.

Wiki mbili nilisubiri. Kila gari lililosimama nje nilimchukua mtoto. Alhamisi iliyopita hedimani alikuja kwenye lango la kiwanda wakati wa kutoka. Njoroge alikuwa nami, akasogea mbele yangu. Yule mzee alivua kofia. Akasema ubeti wa mama yake anaukumbuka nusu, na hakuna wa kumuuliza. Nikauimba hapo langoni kwa sauti ya chini, wote, hadi pale kware anapofukua mbegu. Akaurudia mwenyewe mara moja akiwa amefumba macho. Akashukuru, akaenda. Sijui kama nimemsamehe. Sidhani.

Jana Mama alikuja na basi la asubuhi kutoka Ruiru akiwa na gunia. Ndani mlikuwa na kinanda chako. Alikiweka kitandani, akasema maneno mengi kuliko ya mwezi mzima: kwamba panya walikuwa wameanza kuguguna kamba yake, kwamba Kimani ni mkaidi lakini atakuja, na kwamba alikuwa amechoka kuishi na siri ya mtu mwingine. Kisha akamwogesha mtoto.

Baba, ninajifunza. Mkono wa kushoto bado mzito. Nyambura anakuja Jumapili baada ya kanisa, na wenzake wawili, nami nitawafundisha mwomboko kama ulivyokuwa wako, bila kuongeza wala kupunguza, na goti mahali pake. Nyimbo zangu za visiwani nitaziimba pia, sitaacha, lakini kabla ya kuanza nitasema nimezitunga mimi, mwaka huu, Thika. Hilo nakuahidi: hakuna mtu atakayesikia cha jana kutoka kwangu akadhani ni cha kale.

Asante kwa Jumatatu ile. Nimechelewa kuisema.

Inua macho sasa. Akikosea mtu huku, nitasimamisha ngoma mimi.

Mama yako na mtoto wako,
Wairimu