Nyumba Mbili Lamu

Baba Joyline,

Ugali uko kwa sufuria, sukuma iko kwa friji. Pasha mwenyewe. Fundi akikuja, mwonyeshe mfereji wa jikoni, bado unavuja.

Sasa nieleze. Asubuhi ukioga simu yako ililia, nikashika. Mwenye nyumba wa Lamu, mtu mpole sana, anauliza boti ije saa ngapi Ijumaa. Mimi nafurahi, si uliniahidi wikendi ya sisi wawili? Akasema, "Nyumba zote mbili ziko tayari. Yenu, na ile ya mgeni wako ng'ambo ya kichochoro. Yeye nimempa chumba cha chini, kama ulivyotaka, asipande ngazi."

Mgeni gani, Okinyi? Na kwa nini hapandi ngazi? Ana mimba? Ukatoka bafuni ukipiga mluzi, ukaenda kazini. Na niliona hiyo shati mpya.

~~Nimeenda kwa dada yangu Loresho. Usinitafute.~~

Nimefuta hiyo. Nikivaa viatu, mama yangu amepiga kutoka Siaya. Anauliza kama Lamu kuna baridi, na kama magoti yake yataweza kuingia boti. Ati ulimwambia asiniambie. Na kwa sababu mkwe halali nyumba moja na mama mkwe, ukamtafutia yake.

Ukisoma hii niko Kenyatta Market, nasukwa nywele.

Lakini kwa kunitesa asubuhi nzima, hiyo nyumba yetu utalala peke yako. Mimi nitakuwa ng'ambo, na mgeni wako.

Mama Joyline